Shajara ya mradi wa milo ya Italia: wiki tisa za kukumbuka kwa sufuria

Jumamosi, 6 Januari 2024

Mradi huu umezaliwa na aibu. Mwezi Machi 2023 mimi na mdogo wangu wa kike tulisafiri Italia kwa siku 12. Tulianzia Roma, tukapita Napoli, kisha tukavuka hadi kisiwa cha Sisilia, ambako tulikaa Palermo na Trapani. Tuliporudi Tanga, Mama alitaka kujua tulikuwa tukila nini huko. Nikamjibu kwamba tulikula piza na tambi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Siku kumi na mbili, piza na tambi?", kisha akaendelea kuchambua mchele wake. Miezi kumi imepita na jibu lile bado linaniwasha, kwa sababu halikuwa la kweli, na kwa sababu kila nilipojaribu kulirekebisha niligundua kwamba vile vyakula nilivyovisifu sana nikiwa mezani vilikuwa vimeanza kuchanganyikana kichwani mwangu.

Leo tumekubaliana utaratibu. Kila mlo tunaoukumbuka kwa mapenzi utaandikwa kwanza na kila mmoja wetu peke yake, bila kutazama picha wala kuulizana. Baada ya hapo tutafungua simu na bahasha ya risiti, tulinganishe, halafu tupike jikoni kwa Mama, naye aonje na atoe hukumu. Tunataka kumaliza kabla ya Ramadhani, ambayo inatarajiwa kuanza katikati ya Machi, maana mwezi ule jiko la Mama huwa halina nafasi ya majaribio.

Niseme mapema kwamba orodha yetu ina mapengo. Sisi hatuli nguruwe wala hatutumii mvinyo, kwa hiyo baadhi ya vyakula vinavyotajwa kwanza kila Italia inapotajwa havimo. Carbonara ya Roma hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe, na rojo la nyama la Bologna, kwa mujibu wa maelekezo yaliyosajiliwa mwaka 1982 katika chemba ya biashara ya mji huo, lina nyama ya tumbo la nguruwe na mvinyo ndani yake. Mwenye kutaka habari za vyakula hivyo atazipata kwa wengine. Sisi tuna milo sita.

Jumamosi, 13 Januari

Tumeanza na cacio e pepe, chakula cha Roma ambacho jina lake halina maana zaidi ya jibini na pilipili. Tulikila usiku wa pili, katika mgahawa mdogo wa mtaa wa Trastevere, tukiwa tumechoka kwa kutembea, na huenda uchovu huo ndio uliokiongezea utamu.

Karatasi yangu ya kumbukumbu ilisema hivi: tambi, jibini, pilipili manga, siagi, malai kidogo, na pengine kitunguu saumu. Ya mdogo wangu haikuwa na malai wala kitunguu saumu, lakini siagi ilikuwamo. Risiti haikutusaidia, kwa kuwa inataja jina la chakula na bei basi. Kilichotuumbua ni video ya sekunde arobaini aliyoichukua yeye, inayomwonyesha mpishi nyuma ya kaunta akigeuzageuza kikaango. Hakuna siagi. Hakuna malai. Kuna tambi, bakuli la jibini iliyokunwa, pilipili iliyopondwa, na upawa wa maji yaleyale yaliyochemshia tambi, meupe kama maji ya mchele. Tuliitazama mara tatu, nami nikakubali kwamba nusu ya viungo nilivyoviandika nilivitunga mwenyewe. Nilipolila lile rojo zito, akili yangu iliyozoea kwamba uzito hutoka kwenye nazi au malai ilijitafutia chanzo, ikakiandika kama kwamba imekiona.

Jibini ya Roma inayohitajika ni pecorino romano, ya maziwa ya kondoo, ngumu na yenye chumvi nyingi. Hapa tumetumia jibini ngumu ya Njombe, iliyotengenezwa kwa namna ya Kiitaliano, nzuri ingawa ni ya maziwa ya ng'ombe na chumvi yake ni ndogo. Tulipoimimina juu ya tambi zilizokuwa bado motoni, iliganda papo hapo ikawa madonge yenye kunata, na maji yakabaki pembeni yamejitenga. Mama aliinua donge moja kwa uma, akaliangalia, akalirudisha. Hakusema neno.

Jumamosi, 20 Januari

Jaribio la pili limefaulu, na nadhani sasa naelewa kwa nini la kwanza lilishindwa. Protini ya jibini ikikutana na moto mkali hukazana na kushikamana, hutema mafuta na maji yake, na ikishafika hapo hairudi nyuma. Kinachoizuia ni wanga uliotoka kwenye tambi na kuyeyuka ndani ya maji, kwa sharti kwamba wanga uwe mwingi na moto uwe mdogo. Kosa letu lilikuwa kuchemsha tambi katika sufuria kubwa iliyojaa maji, hata wanga ukapotea humo, na kisha kutia jibini wakati kikaango bado kinaunguruma.

Safari hii tulitumia lita moja tu ya maji kwa gramu 200 za tambi, bila chumvi nyingi. Tambi zilipokaribia kuiva tulichota maji yake, tukayaacha yapoe mpaka kidole kikayastahimili, ndipo tukayachanganya na jibini iliyokunwa laini kwa mwiko, kidogo kidogo, mpaka ikawa mfano wa uji mzito. Kikaango kiliondolewa motoni kabisa kabla ya kuutia uji huo, kisha tukageuza na kurusha bila kupumzika kwa muda wa dakika moja hivi. Rojo lilishika kila uzi wa tambi.

Pilipili manga ilikuwa kazi ya Mama. Anayo ya Amani, Muheza, aliyoletewa na shangazi, na hakukubali tutumie ya kusagwa ya dukani. Aliikaanga kavu mpaka ikatoa harufu, akaiponda kwenye kinu kidogo bila kuifanya vumbi, na nina hakika ilikuwa bora kuliko ile ya Trastevere. Aliponyamaza katikati ya sahani nilidhani imemshinda, kumbe alikuwa anafikiri. "Kumbe pilipili manga peke yake ni kitoweo," akasema. Nimeandika maneno hayo kwenye daftari la mapishi, chini ya vipimo.

Jumamosi, 27 Januari

Leo kuna machache. Mlo wa pili wa Roma ulikuwa atichoki za namna ya Kiyahudi, ambazo hupatikana katika mtaa wa zamani wa Wayahudi karibu na mto Tiber. Atichoki ni tumba la mmea wa jamii ya mibaruti: hupunguzwa majani magumu, hukaangwa zima ndani ya mafuta ya zeituni, kisha hufunuliwa na kukaangwa tena mpaka likachanua kama ua la shaba, likawa linavunjika kama kaukau. Karatasi zetu mbili zilikubaliana kwa kila kitu, jambo ambalo halijatokea tena. Hatukupata atichoki Tanga, na zilizotajwa Dar es Salaam ni za chupa, zilizolowekwa siki, ambazo haziwezi kuchanua. Mlo huu unaingia daftarini kwa maelezo tu.

Jumamosi, 3 Februari

Piza imeleta ugomvi. Niliandika kwamba ile tuliyoila Napoli, tukiwa tumesimama kwenye foleni zaidi ya saa nzima, ilikuwa na jibini ya maziwa ya nyati iliyoyeyuka katikati. Mdogo wangu aliandika kwamba haikuwa na jibini hata chembe. Tulibishana tangu asubuhi hadi adhuhuri, mimi nikidai kwamba naikumbuka mpaka namna ilivyovutika, yeye akinijibu, "Kaka, hiyo ni ya Roma, ya mchana ule wa mvua." Picha imempa haki. Ni piza marinara: nyanya, kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba, oregano na mafuta ya zeituni. Niliihamisha jibini ya mji mmoja nikaiweka juu ya piza ya mji mwingine.

Baada ya kukubali nilianza kukumbuka upya, na yaliyorudi yalikuwa sahihi zaidi: ukingo uliovimba wenye madoa meusi ya moto, katikati palipokuwa laini kiasi kwamba ncha ya kipande iliinama, na ule mchuzi mwekundu uliotiririka mpaka kwenye kiganja. Watengenezaji wa piza wa Napoli, ambao ufundi wao uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hutumia tanuri la kuni lenye joto la takribani nyuzi 485 za Selsiasi, na piza haikai humo zaidi ya sekunde 90. Oveni ya Mama, kwa ukarimu wote, inafika 250.

Mama ndiye aliyetutoa hapo. Alisema mkate wa sinia haukuwahi kumhitaji mtu awe na oveni, akawasha jiko la mkaa, akaweka sinia zito la chuma juu yake, na alipoona limewaka vizuri akatuamuru tutandaze unga, tufunike, kisha tupalie makaa juu ya kifuniko. Ya kwanza iliungua chini kwa dakika mbili. Ya pili tulipunguza moto wa chini na kuongeza wa juu, ikaiva kwa dakika tatu na nusu, ukingo ukapanda, madoa meusi yakatokea mahali pake. Unga ulikuwa umelala usiku kucha kwa hamira kidogo sana, na nadhani hilo lilisaidia kuliko tulivyotambua. Nyanya zilikuwa za Lushoto, zenye maji mengi, ikabidi tuzichuje. Sikuona haja ya kuilinganisha zaidi na ya Napoli. Tuliila yote tukiwa tumesimama.

Jumamosi, 10 Februari

Huu ndio mlo niliouogopa, kwa sababu ndio nilioupenda kuliko yote, na kwa uzoefu wa wiki hizi kadiri nilivyokipenda kitu ndivyo nilivyokiongezea chumvi. Ni pasta con le sarde, tambi za dagaa wa baharini, tuliyoila Palermo katika chumba chenye meza tano, karibu na soko la Ballarò. Karatasi yangu: dagaa, zabibu kavu, zafarani, majani fulani ya kijani yenye harufu ya dawa ya tumbo, na juu yake jibini ya kahawia yenye kuvunjikavunjika. Majani hayo ni shamari ya porini, ambayo huota yenyewe milimani wakati wa machipuo. Kuhusu jibini nilikosea tena. Ilikuwa chenga za mkate mkavu zilizokaangwa kwa mafuta ya zeituni, ambazo watu wa Sisilia wasiokuwa na uwezo wa kununua jibini walizinyunyiza juu ya tambi, na mpaka leo mwenye uwezo na asiye nao huzinyunyiza vilevile.

Mama alipotusikia tukitaja zabibu na zafarani hakuonyesha mshangao wowote. Kwake hivyo ni viungo vya biriani, na alichotaka kujua ni kwa nini vimekwenda kukaa na dagaa. Nilimweleza kwamba Waarabu waliingia kisiwani mwaka 827, wakaichukua Palermo mwaka 831, na utawala wa Kiislamu mjini humo ukadumu mpaka Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipouteka mwaka 1072. Ladha hiyo ya tamu kukutana na chumvi haikuondoka pamoja na watawala. Tena mwaka 1154, chini ya mfalme Mnormani Roger wa Pili, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza huko Palermo kitabu kikubwa cha maelezo ya dunia, na ndani yake alikitaja kijiji cha Trabia, mashariki ya Palermo, ambako zilitengenezwa itriya, yaani tambi kavu, kwa wingi wa kupakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hichohicho kinaitaja Malindi. Nimelisoma jambo hili tangu zamani, lakini halikuwa na uzito kwangu mpaka leo, nilipokuwa nimesimama jikoni na fungu la tambi mkononi na Mama akiniuliza kama tutazitia sukari na iliki kama tambi za Idi.

Upishi ulikwenda hivi. Dagaa wabichi tulinunua asubuhi kwenye soko la samaki la Deep Sea, tukawatoa vichwa na miba ya kati, kazi ya saa nzima. Shamari ya porini hatuna, kwa hiyo tulichemsha mbegu za shamari pamoja na kisamvu kichanga kidogo ili tupate rangi, wazo ambalo sipendekezi kwa mtu yeyote. Kisamvu kilitawala. Mama alikula dagaa, akaacha tambi.

Jumamosi, 17 Februari

Tumerudia bila kisamvu. Jirani mmoja anayelima bustani amepanda shamari kwa ajili ya mbegu, na alituruhusu tukate vikonyo vyake vya juu. Tulivichemsha, tukatumia maji yake kuchemshia tambi kama ilivyo desturi ya Palermo, kisha tukakaanga kitunguu maji polepole mpaka kikalainika, tukatia dagaa, zabibu kavu zilizolowekwa, zafarani iliyoyeyushwa kwa kijiko cha maji ya moto, na korosho zilizovunjwa badala ya kokwa za msonobari. Chenga za mkate Mama alizikaanga mwenyewe mpaka zikawa rangi ya kahawa.

Nilipotia tonge la kwanza kinywani nilikiona kile chumba cha meza tano, hata ule ufa kwenye kioo cha mlangoni ambao sikuuandika popote. Mdogo wangu naye aliacha kutafuna. Mama alitutazama, akauliza kama tumeumwa na mwiba.

Jumamosi, 24 Februari

Wiki ya kuskusi ya samaki, mlo wa Trapani, mji wa pwani ya magharibi ulio karibu na Tunisia kuliko na Roma. Huko wanawake husugua semolina, yaani unga wa ngano wa chengachenga, kwa vidole vilivyoloa ndani ya bakuli pana la udongo mpaka zikatokea punje, kisha huzipika kwa mvuke juu ya sufuria, na mahali ambapo vyombo viwili hukutana huzibwa kwa kamba ya unga uliokandwa ili mvuke usitoroke. Mama aliposikia habari ya kamba ya unga alisema hiyo ni biriani ya dum. Mvuke tuliuweza. Kusugua punje hatukukuweza: zilitoka nyingine kubwa kama kunde, nyingine vumbi, na baada ya saa mbili tulikula kitu kilichofanana na mkate uliobomoka, ukiwa umelowa mchuzi mzuri sana wa samaki. Mchuzi umeingia daftarini. Punje zitasubiri mtu mwenye vidole vya subira.

Arancine, yale mabumunda ya wali wa zafarani yanayoviringishwa, kupakwa chenga za mkate na kukaangwa, tumeyaruka. Palermo tulikuta mawili yanayojulikana zaidi, la nyama na la siagi, na lile la siagi, jina likidanganya, huwa na nyama ya nguruwe ndani. Tulikula la mchicha, ambalo hakuna kati yetu anayelikumbuka kwa mapenzi.

Jumamosi, 2 Machi

Umebaki mlo mmoja, na ndio uliokuwa wa bei ndogo kuliko yote: panelle. Tulizila Palermo kando ya barabara mara nne katika siku tatu. Ni vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa, vikawekwa ndani ya mkate laini wenye ufuta, vikakamuliwa limau. Kwa mara ya kwanza karatasi yangu haikuzidisha kitu. Iliandika unga wa dengu, maji, chumvi, pasili na mafuta ya kukaangia, na picha zikaafiki. Pengine ni kwa sababu kilikuwa chakula ninachokijua tayari. Mtu aliyekulia Tanga akila bajia haulizi kilichomo.

Tofauti iko katika namna. Bajia hukorogwa ikadondoshwa kwenye mafuta ikiwa mbichi, lakini panelle husongwa kwanza kama ugali. Gramu 250 za unga tulizikoroga katika mililita 750 za maji baridi mpaka madonge yakaisha, tukaweka motoni, tukasonga bila kuacha kwa muda wa dakika ishirini mpaka ikajitenga na kuta za sufuria, tukatia kotmiri badala ya pasili, tukaitandaza juu ya sinia lililopakwa mafuta, unene wa nusu sentimita. Ilipopoa ilikuwa ngumu ya kukatika kwa kisu. Tukakaanga kwenye mafuta ya moto sana, upande huu na huu. Nje zilikauka, ndani zikabaki laini kama malai, neno ambalo safari hii nalitumia nikiwa na hakika kwamba malai hayamo.

Mama alikula tatu bila mkate. Akaomba ndimu, akaomba pilipili mbichi iliyopondwa, akala mbili nyingine, kisha akaniuliza kwa nini wakati ule nilipotoka safari sikumwambia kuwa tulikula hizi.

Jumamosi, 9 Machi

Daftari lina kurasa 31. Cacio e pepe, piza ya jiko la mkaa, tambi za dagaa, mchuzi wa Trapani na panelle vimeandikwa kwa vipimo. Atichoki ina maelezo na picha. Kuskusi ina ukurasa mtupu wenye kichwa cha habari. Karatasi zetu za kumbukumbu nimezibandika mwishoni bila kuzisahihisha, pamoja na siagi yangu, malai yangu na jibini ya mji usio wake.

Leo mchana Mama alinituma dukani kwa manunuzi ya mwezi. Orodha yake ilikuwa ileile ya kila mwaka, tende, nazi, sukari, maharage, tambi, isipokuwa unga wa dengu, ambao mwaka jana ulikuwa kilo moja na mwaka huu ameandika tatu.